Mashine ndogo za gemu za kale: Je, zinastahili fedha yako?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MZAZI anayetafuta zawadi ya mtoto aliyemaliza mtihani wa darasa la saba anaweza kukutana na kifaa cha kupendeza, ama katika matangazo ya wauzaji wa mtandaoni, ama katika begi la ndugu aliyerejea kutoka ng'ambo. Ni kompyuta ya rangi ya kahawia iliyofifia, nusu ya ukubwa wa kompyuta halisi, yenye kibodi iliyopangwa safu kwa safu.

Akiifikisha nyumbani, iwe Kitangiri, Igoma au Buzuruga, mtoto anaiunganisha na televisheni na kubonyeza herufi ya kwanza ya jina lake. Hakuna kinachotokea. Anabonyeza ya pili, kimya. Vibonye hivyo havibonyezeki kabisa. Ni plastiki iliyofinyangwa pamoja na kasha, kama pambo la mezani.

Kifaa hicho ni THEC64 Mini, nakala ndogo ya kompyuta ya Commodore 64, kilichoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2018. Watengenezaji hawakumdanganya mtu, kwa kuwa maelezo yao yalieleza wazi kuwa kibodi ni ya mapambo. Hata hivyo, mzazi aliyedhani amenunua kompyuta ya kujifunzia amenunua kitu kingine.

Makala haya yanaeleza mashine hizo ndogo ni nini, zinafanyaje kazi, na kama mkazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria ana sababu ya kuzitolea fedha.

Ni vifaa vya namna gani?

Mashine hizi ni nakala ndogo za kompyuta na mashine za gemu zilizotamba kati ya miaka ya 1980 na 1990. Kampuni ya Nintendo ya Japani ndiyo iliyoliamsha soko hilo Novemba 2016, ilipotoa NES Classic Edition yenye gemu 30 ndani yake, kwa dola 60 za Marekani. Mahitaji yalikuwa makubwa kuliko mzigo uliopelekwa madukani, na walanguzi wakaiuza kwa bei ya juu mno.

Mwaka uliofuata Nintendo ilitoa Super NES Classic yenye gemu 21 kwa dola 80. Desemba 2018 Sony ikaingia na PlayStation Classic yenye gemu 20 kwa dola 100. Septemba 2019 Sega ikatoa Mega Drive Mini yenye gemu 42.

Kwa upande wa kompyuta, baada ya THEC64 Mini ilifuata THEA500 Mini mwaka 2022, inayoiga Amiga 500 ya mwaka 1987. Ikaja Atari 400 Mini mwaka 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatoka The Spectrum, inayoiga Sinclair ZX Spectrum ya Uingereza ya mwaka 1982.

Ndani ya kasha hakuna mtambo wa kale. Kuna bodi moja ndogo yenye prosesa inayofanana na ya simu ya mkononi, kumbukumbu iliyohifadhi gemu, na programu iitwayo emuleta. Kazi ya emuleta ni kujifanya mashine ya zamani, ili gemu iliyoandikwa miaka 30 au 40 iliyopita ifanye kazi bila kutambua kwamba imehamishwa nyumba.

Kutokana na utaratibu huo, kaseti ya gemu ya zamani haiwezi kuingia katika nakala hizo, wala sahani ya PlayStation. Aidha, mashine za Nintendo na Sony hazina njia rasmi ya kuongeza gemu nyingine, hivyo utakazozikuta ndani siku ya kwanza ndizo utakazozikuta siku ya mwisho. Za THEC64, THEA500 na The Spectrum zina unafuu, kwani huruhusu mtumiaji kupakia programu nyingine kwa flashi ya USB.

Kumbukumbu ni ya nani?

Bidhaa inayouzwa hapa hasa ni kumbukumbu. Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1972 na kupewa ZX Spectrum akiwa na miaka kumi, leo ana kipato na yuko tayari kununua utoto wake. Swali la msingi kwa msomaji wa Mwanza ni iwapo utoto huo ulikuwa wake.

Historia ya nchi yetu inatoa jibu. Tanzania ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, iliyofungwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni bila kibali maalumu, na masharti hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo binafsi vya CTN na ITV, ingawa Zanzibar ilikwishaanza kurusha matangazo ya rangi tangu miaka ya 1970.

Kwa maneno mengine, Commodore 64 na ZX Spectrum zilipokuwa zikifundisha watoto wa Ulaya kuandika programu, nyumba nyingi za Mwanza hazikuwa na hata televisheni ya kuziunganisha. Nakala ya mashine usiyowahi kuiona haiwezi kukurudisha popote.

Kumbukumbu ya kweli ya kijana wa mjini aliyekua mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000 ni nyingine. Ni mashine za bei nafuu kutoka China zilizoiga Nintendo, zenye kaseti za rangi zilizoandikwa idadi ya gemu isiyoaminika. Baadaye ni kibanda cha gemu cha mtaani, benchi la mbao, na PlayStation 2 inayolipiwa kwa mechi.

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na Sony ikaacha kuitengeneza mwaka 2013. Hadi sasa hakuna nakala ndogo rasmi ya mashine hiyo. Ile ambayo wengi wetu tungeitamani ndiyo ambayo haijatolewa.

Kuna jambo jingine litakalowashtua wapenzi wa soka wa Kirumba na Nyamagana. Katika gemu 20 za PlayStation Classic hakuna hata moja ya mpira wa miguu. Yapo mapigano ya Tekken 3, magari ya Ridge Racer Type 4, na hadithi ndefu ya Final Fantasy VII, lakini soka hakuna. Anayefikiria kuiweka kibandani ili vijana walipie mechi atakosa kile ambacho wateja wake huja kukifuata. Miongoni mwa mashine zilizotajwa hapa, THEA500 Mini inayo Kick Off 2, gemu ya soka ya mwaka 1990, yenye wachezaji wadogo kama punje za mchele na isiyomfanana kwa lolote mchezaji wa leo.

Televisheni yako itaipokea?

Mashine hizi hutoa picha kwa waya wa HDMI tu. Mwenye televisheni bapa ya siku hizi hana tatizo.

Mwenye televisheni ya chogo anahitaji kufikiri mara mbili. Matangazo ya analojia yalipozimwa Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, familia nyingi hazikutupa televisheni zao, bali zilinunua king'amuzi na kukiunganisha kwa nyaya tatu za AV, nyekundu, nyeupe na njano. Televisheni hizo bado zipo katika nyumba nyingi, na hazina tundu la HDMI.

Kipo kifaa cha kugeuza HDMI kuwa AV, lakini ni gharama ya ziada, kwa kawaida huhitaji umeme wake chenyewe, na maandishi madogo hufifia. PlayStation 2 ya mtumba hutumia nyaya za AV moja kwa moja, hivyo inakubaliana na chogo bila mapatano yoyote.

PlayStation Classic ina kasoro nyingine. Gemu tisa kati ya 20 zilizowekwa ndani ni za toleo la Ulaya, lililotengenezwa kwa mfumo wa picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Baadhi huenda polepole kuliko toleo la Marekani au Japani, na wapenzi wa Tekken 3 huligundua hilo kwa mikono yao kabla ya macho. Wiki chache baada ya kutoka, maduka ya Marekani yaliishusha bei kutoka dola 100 hadi 60, na mwaka 2019 ikashuka zaidi. Bei ya kwanza ya kifaa si ushahidi wa thamani yake.

Umeme, radi na pawa benki

Hapa mashine ndogo zinastahili sifa. Nyingi hutumia umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB, kama simu, na kiasi cha wati 5 tu. PlayStation 2 hutumia mara kadhaa zaidi ya hapo.

Kwa hesabu rahisi, pawa benki ya mAh 10,000 ina takriban wati-saa 37. Ukiondoa kinachopotea njiani, inaweza kuendesha mashine ndogo kwa saa tano au sita. Kwa familia ya Ukerewe au kisiwa kingine inayotegemea umeme wa jua, tofauti hiyo ni kubwa. Ila televisheni nayo inahitaji umeme, na mara nyingi yenyewe ndiyo inayokula zaidi.

Ikumbukwe pia kwamba Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi barani Afrika, na ngurumo zake hupiga zaidi usiku. Chochote utakachonunua, chomoa kutoka ukutani mawingu yanapokusanyika juu ya maji. Kwa mashine ndogo, chaja inaweza kufa badala ya mashine, na chaja ni rahisi kuibadilisha. Baadhi ya mashine hizi, ikiwamo PlayStation Classic, huuzwa bila chaja. Usiichomeke katika chaja yoyote iliyo jirani. Tumia yenye volti 5 na ampea moja au zaidi, kutoka kwa mtengenezaji unayemwamini.

Vijiti vya gemu elfu kumi

Anayezunguka katika maduka ya vifaa vya umeme mjini ataona zaidi bidhaa nyingine zinazofanana na hizi: vijiti vinavyochomekwa nyuma ya televisheni na kudai vina gemu 10,000, na mashine za mkononi zenye gemu 400. Bei yake ni ndogo, na nyingi huja na vidhibiti viwili, vile ambavyo vijana huviita pedi.

Hakuna kampuni iliyokaa na wamiliki wa gemu 10,000 na kupata ruhusa ya kila mmoja. Gemu hizo zimenakiliwa bila idhini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Anayeviuza kijitini, au kuvitoza watu fedha kibandani, anafanya biashara juu ya mali ya mwingine.

Ukiacha sheria, mnunuzi hapati kile alichoahidiwa. Gemu moja huorodheshwa mara nyingi kwa majina tofauti, nyingine zimeandikwa kwa Kijapani au Kichina, na baadhi hazifunguki. Zote hukaa katika kadi ndogo ya kumbukumbu ya daraja la chini, na kadi ikifa, gemu zote elfu kumi hufa nayo. Kama tayari umenunua, ondoa kadi hiyo na utunze nakala yake kabla haijaharibika.

Kuna hatari pia ya bidhaa bandia. Nintendo iliacha kuuza NES Classic na Super NES Classic baada ya msimu wa sikukuu wa mwaka 2018. Leo anayekuuzia "mpya kabisa" kwa bei ya chini anakupa sababu ya kumtilia shaka. Angalia uzito wa kasha, ubora wa maandishi ya boksi, na orodha ya gemu. Idadi ikizidi 30 kwa NES au 21 kwa Super NES, hiyo si mashine ya kiwandani, au imechezewa.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukulie dola moja ni Sh2,500 ili kurahisisha hesabu. NES Classic ya dola 60 ilikuwa sawa na Sh150,000, yaani Sh5,000 kwa kila gemu. PlayStation Classic ya dola 100 ilikuwa sawa na Sh250,000, yaani Sh12,500 kwa kila gemu. Hizo ni bei za dukani ng'ambo. Ongeza usafiri, ushuru, na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18.

Ukweli ni kwamba hutacheza gemu zote. Pitia orodha kabla ya kulipa na uweke alama kwa zile utakazocheza zaidi ya mara moja. Zikiwa tano kati ya 20, basi kila moja imekugharimu Sh50,000. Hapo ndipo wengi hurudisha pochi mfukoni.

Gharama nyingine ni matengenezo. Lenzi ya PlayStation 2 ikichoka, fundi wa mtaani anaweza kuibadilisha kwa kutoa nyingine katika mashine iliyokufa. Mashine ndogo ni bodi moja. Ikiungua hakuna kipuri, na kwa kuwa mara nyingi huletwa na mtu binafsi, dhamana hubaki nchi ilikonunuliwa. NES Classic huja na kidhibiti kimoja tu, chenye waya mfupi usiofika hata mita moja, kiasi cha kumlazimu mchezaji kukaa chini ya televisheni kama anayeota moto.

Kama unachotaka ni kompyuta

Turudi kwa mzazi wetu. Kama lengo ni mtoto ajifunze kompyuta, zipo njia zilizo bora.

Ya kwanza ni kuchagua nakala yenye kibodi inayofanya kazi. THEC64 ya ukubwa kamili iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2019 inayo, na The Spectrum ya mwaka 2024 inayo, ikiwa na gemu 48. Zote zinaruhusu kuandika programu kwa lugha ya BASIC. Ni mwalimu mzuri wa misingi, ila haifungui barua pepe wala haiandiki insha ya shule.

Ya pili ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyobuniwa Uingereza kwa ajili ya wanafunzi na kuzinduliwa mwaka 2012. Toleo la Raspberry Pi 400, lililofungwa ndani ya kibodi, lilizinduliwa mwaka 2020 kwa dola 70, na Raspberry Pi 500 mwaka 2024 kwa dola 90. Ni kompyuta kamili. Huandika nyaraka, hufungua intaneti, hufundisha lugha ya Python, na jioni inaweza kuwekewa emuleta. Nayo hutumia waya wa USB na umeme kidogo. Hapa nchini, shirika la Powering Potential limewahi kuweka kompyuta za aina hiyo zinazotumia umeme wa jua katika shule za sekondari, zikiwamo za Karatu mkoani Arusha.

Ya tatu ni kompyuta mpakato ya mtumba iliyokaguliwa na fundi. Haina mvuto wa zawadi, lakini mtoto ataitumia hadi kidato cha nne.

Nani anunue, nani aache

Nunua mashine ndogo rasmi kama ulicheza gemu zake zamani na unazikumbuka kwa majina, una televisheni yenye HDMI, na fedha hiyo haitoki katika ada wala mtaji. Kwako wewe, dakika ya kuisikia tena sauti ya kufunguka kwa gemu ina thamani yake, na hakuna hesabu itakayoipinga. Waishio ughaibuni waliokulia na mashine hizo, au wazazi wanaotaka gemu fupi zisizohitaji intaneti wala kulipia nyongeza, nao wana sababu ya haki.

Acha kama ni kwa ajili ya biashara ya kibanda. Gemu zilizomo ni kwa matumizi ya nyumbani, soka ni adimu, na vipuri havipatikani.

Acha kama unainunua ili ipande bei. PlayStation Classic imekwishatoa somo hilo.

Acha kabisa kama mtoto anasubiri kompyuta. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: vibonye hivi vinaandika? Akisita, tia fedha yako mfukoni na uendelee na safari.

Wahenga walisema vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Kwa mashine hizi, si vyote vyenye herufi ni kibodi.